Viunzi vya usanifu wa taasisi: kipi cha kuchukua na kipi cha kuacha

Vijana wanaofanya kazi za Tehama hapa Tanga, hasa walioajiriwa karibuni katika viwanda, halmashauri na kampuni za uwakala wa forodha, huniuliza mara kwa mara kama kuna faida ya kujifunza viunzi vya usanifu wa taasisi, yaani ile miongozo inayoeleza namna ya kupanga shughuli, taarifa, programu na mitambo ya taasisi nzima ili visivutane. Wengi wao wamelisikia jina la TOGAF kwenye matangazo ya kazi, wachache wamelisikia la Zachman, na karibu wote wameshaona ripoti nene yenye michoro ya rangi ambayo hakuna aliyeifungua tangu siku ilipokabidhiwa. Jibu langu ni kwamba faida ipo, tena kubwa, lakini imo katika sehemu ndogo ya miongozo hiyo, na hupatikana pale tu kila mchoro unapofungamana na uamuzi wa fedha ambao mtu fulani anasubiriwa aufanye.

Asili ya miongozo hii inaeleza unene wake. John Zachman, akiwa mfanyakazi wa IBM, alichapisha makala yake mwaka 1987 katika jarida la kampuni hiyo, na jedwali lake la awali lilikuwa na safu tatu tu: taarifa, kazi na mtandao. Mwaka 1992, akiandika pamoja na John Sowa, safu zikawa sita, na ndiyo maswali yanayojulikana leo: nini, vipi, wapi, nani, lini na kwa nini. TOGAF, inayosimamiwa na The Open Group, ilitoka mara ya kwanza mwaka 1995 ikiwa imejengwa juu ya kiunzi cha Wizara ya Ulinzi ya Marekani, na toleo lake la kumi lilitoka mwaka 2022. Mwongozo uliozaliwa kwa ajili ya wizara yenye mamia ya mifumo hauwezi kuikaa kampuni ya Tanga yenye mifumo kumi na mbili bila kupunguzwa, kama vile kanzu ya mtu mwingine isivyoweza kuvaliwa kabla haijapita kwa fundi. TOGAF yenyewe inasema wazi kwamba mtumiaji aichukue na kuirekebisha kulingana na taasisi yake, ingawa sentensi hiyo husahauliwa haraka na wanaouza mafunzo.

Mimi nimeifanya kazi hii katika kampuni moja ya mkonge yenye ofisi kuu mjini Tanga na mashamba Muheza na Korogwe. Kabla sijapewa jukumu hilo, kampuni ilikuwa imemlipa mshauri kutoka nje akaandaa usanifu kamili, wenye kila aina ya mchoro ambayo mwongozo unaitaja, na kazi yake haikuwa mbaya kitaalamu. Tatizo lilikuwa kwamba hakuna ukurasa hata mmoja uliojibu swali lililokuwa mezani kwa mkurugenzi wakati huo, nalo lilikuwa rahisi kulieleza: je, tununue mfumo mmoja mkubwa wa kuunganisha shamba, kiwanda, ghala, mishahara na uhasibu, au turekebishe tulivyo navyo?

Kitu cha kwanza nilichochukua kwenye TOGAF ni orodha ya mifumo, na ninashauri kila mtu aanze nayo, hata kama hatafanya kingine chochote. Kwa kila mfumo tuliandika kazi unayoifanya, mwenye dhamana nao upande wa shughuli na si upande wa Tehama, taarifa unazozizalisha, taarifa unazozipokea na kutoka wapi, gharama yake kwa mwaka, na nini kitasimama iwapo mfumo huo utasimama. Ukiuliza maswali haya kwa watu wanaoutumia mfumo, badala ya kumuuliza meneja wao, utapata majibu ambayo hayamo kwenye nyaraka yoyote. Ilibainika kwamba malipo ya wakata mkonge wa shamba zima yalitegemea jedwali la Excel lililotengenezwa na karani mmoja, lenye kanuni za hesabu alizozijua yeye peke yake, wakati programu ya mishahara iliyonunuliwa kwa fedha nyingi ilikuwa ikipokea jumla tu na kuchapisha hati za malipo. Ilibainika pia kwamba tulikuwa tunalipia leseni ya programu ya ghala ambayo watu wa ghalani walikwisha kuiacha na kurudi kwenye daftari, kwa sababu iliwataka wawe na intaneti muda wote mahali ambapo mtandao hukatika mvua ikinyesha. Fedha ya leseni hiyo peke yake iliwafanya wakuu wa idara waanze kuhudhuria vikao vyetu.

Orodha hiyo ilipata kazi nyingine baadaye. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za watu ajue anachokusanya, anakihifadhi wapi na kwa madhumuni gani. Namba za vitambulisho, namba za simu na taarifa za afya za vibarua zilikuwa zimesambaa sehemu nyingi, na sisi tulijua ni wapi kwa sababu tulikwisha kuandika.

Cha pili nilichochukua ni maswali sita ya Zachman, nami nakiri kwamba ndicho ninachokipenda kuliko vyote. Zachman mwenyewe husisitiza kwamba jedwali lake ni namna ya kuainisha mambo na si utaratibu wa kazi, kwa hiyo halikuambii uanze wapi. Lakini ukilielekeza kwenye jambo moja linalosumbua, linafichua mengi. Sisi tulilielekeza kwenye uzito. Ripoti ya shamba, ripoti ya korona (mashine inayotenganisha singa, yaani nyuzi za mkonge, na jani) na ripoti ya ghala hazikuwahi kulingana, na kwa muda mrefu kila upande uliamini kwamba upande mwingine unaiba au unazembea. Tulipokwenda kiwandani kuuliza, mzee mmoja msimamizi wa ghala, baada ya salamu na kutukaribisha kwenye benchi, alitusikiliza mpaka mwisho kisha akasema: «Wanangu, hiyo kilo mnayoitafuta ni kilo ya lini? Ya singa ikitoka korona, au ya singa ikishaanikwa?»

Swali la mzee yule lilikuwa na thamani kuliko michoro yote ya awali. Jani la mkonge hutoa singa kavu takribani asilimia 4 tu ya uzito wake, na singa inapotoka kwenye korona ikiwa bado na maji huwa nzito mno kuliko itakavyokuwa baada ya kuanikwa na kupigwa brashi. Shambani kazi ilihesabiwa kwa mafungu na mita za majani, korona walipima singa mbichi kwa sampuli, ghalani walihesabu marobota ya kilo 250, na uhasibu walizichukua namba zote tatu wakaziweka kwenye safu moja iliyoandikwa uzalishaji. Tulipojaza maswali sita kwa jambo hilo moja, yaani nini kinapimwa, kwa njia gani, mahali gani, na nani, katika hatua ipi na kwa ajili ya uamuzi gani, tuligundua kwamba hapakuwa na wizi wala uzembe wa kuelezea tofauti zile. Palikuwa na vipimo vitatu vilivyopewa jina moja. Mfumo mpya wa gharama yoyote ungezichanganya namba hizo kwa kasi zaidi, basi. Mkurugenzi alipoliona jedwali lile la ukurasa mmoja, aliahirisha ununuzi wa mfumo mkubwa papo hapo.

Cha tatu ni ile sehemu ya mzunguko wa TOGAF inayolinganisha hali iliyopo na hali inayokusudiwa, kisha kuzipanga tofauti kwa mpangilio wa utekelezaji. Mzunguko wenyewe una awamu ya maandalizi na nyingine nane zinazoitwa kwa herufi A hadi H, na kama ungezifuata zote kwa ukamilifu katika kampuni ya ukubwa wetu, ungemaliza wakati mkurugenzi ameshabadilika. Kutoka humo tulihitaji mpangilio tu: mizani yenye kumbukumbu za kidijitali ije kwanza, tafsiri moja ya uzalishaji ije pili, jedwali la karani lihamishiwe kwenye programu ya mishahara baada ya hapo, na uhasibu uunganishwe mwisho. Muuzaji wa mfumo mkubwa alitaka kuanza na uhasibu, kwa kuwa ndiko programu yake ilikokuwa na nguvu. Kuweza kumwonyesha, kwa hoja iliyoandikwa, kwa nini sisi tunaanzia mizanini, kulibadilisha kabisa mazungumzo ya mkataba.

Niliyoyaacha ni mengi kuliko niliyoyachukua. Sikujaza visanduku vyote 36 vya jedwali la Zachman, kwa sababu vingi havikuwa na mtu anayevisubiri. Lugha ya michoro ya ArchiMate naiona nzuri kwa mawasiliano baina ya wasanifu, lakini sijawahi kuiweka mbele ya bodi ya wakurugenzi, na sioni kwa nini mtu afanye hivyo wakati visanduku na mishale yenye maneno ya kawaida vinatosha. Programu maalumu ya kuhifadhi usanifu sikuinunua. Taasisi ambayo haijaweza kutunza jedwali moja la mifumo yake haitaokolewa na hifadhi ya gharama kubwa.

Kuna jambo ambalo hakuna kiunzi kitakachokutatulia. Mwaka 1968 Melvin Conway aliandika kwamba mifumo inayobuniwa na taasisi huishia kufanana na jinsi watu wa taasisi hiyo wanavyowasiliana, na nimeona kweli yake mara nyingi. Kama meneja wa shamba na mkuu wa fedha hawazungumzi isipokuwa kwa barua, programu zao nazo zitapelekeana faili mara moja kwa mwezi, vyovyote utakavyochora. Hapo kazi ya msanifu ni kuwakalisha watu hao pamoja, na maswali sita humpa kisingizio kizuri cha kufanya hivyo bila kumnyooshea mtu kidole.

Kwa walio katika halmashauri na taasisi nyingine za umma hali ni tofauti kidogo, kwa kuwa Sheria ya Serikali Mtandao ya mwaka 2019 iliunda Mamlaka ya Serikali Mtandao, na viwango na miongozo yake si jambo la hiari. Msiichukulie kama karaha. Angalieni mfumo wa GePG, uliofanya taasisi za Serikali zipokee malipo kwa namba ya kumbukumbu kupitia lango moja, badala ya kila taasisi kujiunganisha peke yake na kila benki na kila kampuni ya simu. Huo ni uamuzi wa kiusanifu, na anayelipa ada au bili ya maji hapa Tanga anaunufaikia bila kulazimika kujua kiunzi ni nini.

Kuhusu cheti, ambalo huwa ndilo swali lenyewe lililojificha nyuma ya mengine, ushauri wangu ni kusoma kwanza na kulipa baadaye. Cheti kina maana kwa anayetaka kazi ya ushauri, benki kubwa au mashirika ya kimataifa, ambako tangazo la kazi litakutaka uwe nacho. Kwa anayesimamia Tehama ya kiwanda au chama cha ushirika, fedha hiyo ingefaa zaidi kwenye nauli ya kwenda mashambani na kwenye maghala kuzungumza na makarani, maana taarifa za usanifu ziko kwao.

Na ukishaipata orodha yako ya mifumo, usiiache kwenye kompyuta yako. Mwombe mkuu wa fedha akubali kwamba kila ombi la kununua programu, leseni au seva liambatane na mstari wake kutoka kwenye orodha hiyo, ukionyesha mfumo utakaoguswa, mwenye dhamana nao na taarifa zitakazobadilika. Ombi lisilo na mstari huo lirudishwe kwa aliyelileta, hata kama limeletwa na idara ya Tehama.