Sensa za ribriza zimegoma kwenye 0.88

SWALI: Fundi, nimezamia Pemba miaka mingi kwa ribriza (mashine inayosafisha pumzi ya mzamiaji ili aivute tena), na sensa zangu za oksijeni nilizipima kule wiki iliyopita. Sasa niko Mwanza, nimeitwa kutafuta nanga iliyokatika, kina mita 30. Nikijaza oksijeni tupu huku nchi kavu, zote tatu zinaishia 0.88, yaani presha ya oksijeni kwa bar. Nizirekebishe zisome 1.0? Na mtungi wa dharura wa lita 3 utanitosha?

JIBU: Usiziguse, kaka. Sensa ni nzima, ila umepanda mlima bila kujua. Ziwa Victoria liko kama mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Presha ya hewa hapa ni bar 0.88 hivi, na oksijeni tupu haiwezi kuzidi hapo. Ukizilazimisha zisome 1.0, kule chini utaona 1.3 kumbe unavuta 1.14. Hutadhurika kwa oksijeni, lakini naitrojeni itakuingia kuliko kompyuta inavyohesabu. Utaibuka viungo vinauma, useme ni uchovu wa kuvuta kamba. Kompyuta nayo hakikisha imejua mwinuko huu.

Hiyo 1.3, kiwango cha oksijeni unachoiagiza mashine ishikilie, usiiweke ukiwa juu. Hadi mita 4 na kidogo haifikiki kabisa, kwa hiyo vali itamwaga oksijeni bila kukoma, na mapafu ya mashine (mifuko yake ya pumzi) yatajaa yakuinue juu. Shuka na 0.7, ubadilishe ukifika chini. Ukitua, safisha mzunguko wa pumzi kwa hewa ya mtungi wa kuchanganyia: mita 30 hapa ni bar 3.8, na oksijeni ni kama asilimia 21 ya hewa, kwa hiyo sensa zisome karibu 0.8. Inayopishana sana na hapo ndiyo ya kutiliwa shaka.

Oksijeni yenyewe si tatizo; mwili unatumia kama lita 1 kwa dakika, kina chochote. Penye hesabu ni dharura. Chokaa ya mashine inayonyonya kaboni dioksidi ikichoka, gesi hiyo itakufanya uheme kama umetoka kukimbizwa, nami humpangia mtu lita 40 kwa dakika za mtungi wa dharura, zizidishwe kwa presha ya kina. Dakika 2 chini kujituliza, lita 305. Kupanda mita 9 kwa dakika, 313. Dakika 3 za kusimama mita 5, nyingine 164. Jumla 780 na ushee. Mtungi wako wa lita 3 kwa bar 200 una 600, yaani ungekuishia ukiwa bado umesimama mita 5. Azima wa lita 7, na usikubali uliojazwa nusu.