“Ufanisi wa nishati” au “matumizi bora ya nishati”?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nipo kwenye mradi uliogawa majiko banifu na mitungi ya gesi vijijini. Sasa tunaandika tathmini yake kwa Kiswahili ili isomwe na halmashauri na wanakijiji wenyewe. Niliandika “ufanisi wa nishati”, mwenzangu akafuta na kuweka “matumizi bora ya nishati”. Niliandika “athari za mradi”, mtendaji wa kijiji akaniuliza kama mradi uliwaumiza watu. Tena hatuelewani kuhusu “nishati safi” na “nishati jadidifu”. Tuandike vipi? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nianze na huyo mtendaji wa kijiji, maana yeye ndiye mliyekusudia asome, na hakukosea hata kidogo.

“Athari” tumeipata kwa Waarabu, na huko asili yake ni alama iliyobaki, kama unyayo. Haina ubaya wowote ndani yake. Lakini neno huishi na majirani zake. Sikiliza redio wiki moja tu: athari za mafuriko, athari za ukame, athari za dawa za kulevya. Tazama na kitenzi chake: aliyeathirika ni aliyedhurika, na waathirika ni watu waliopatwa na janga. Hakuna atakayeelewa kwamba “waathirika wa mradi wa majiko” ni akina mama waliopata nafuu. Wataalamu wamezoea kuandika “tathmini ya athari”, na katika mkutano wao wanaelewana. Ripoti ya kusomwa kijijini iandike “mabadiliko yaliyoletwa na mradi”. Ni maneno marefu kidogo, lakini yanabeba mema na mabaya kwa pamoja, ndivyo tathmini inavyotakiwa kuwa.

Sasa “ufanisi”. Mzizi wake ni kufana, kule kule tunakosema harusi ilifana. Kwa hiyo msomaji wa kawaida akikuta “ufanisi wa nishati” husoma “mafanikio ya nishati”, kisha anabaki akijiuliza nishati imefanikiwa kufanya nini. Kuna na tatizo la pili, la sarufi. Kiunganishi “wa” kinampa nishati umiliki wa huo ufanisi. Mkaa hauna ufanisi. Mkaa ni mkaa. Mwenye ufanisi ni jiko, kwa sababu jiko ndilo linaloamua kiasi gani cha joto kiingie kwenye sufuria na kiasi gani kipotelee ubavuni. Basi andika “ufanisi wa jiko”, “ufanisi wa pampu”, “ufanisi wa taa” pale unapozungumzia kifaa. Unapozungumzia sera, au mwenendo wa watu na viwanda, mwenzako yuko sahihi: “matumizi bora ya nishati”.

Msiziweke hizo mbili na “kubana matumizi” kwenye kapu moja. Mama aliyeacha kupika maharage wiki nzima kwa sababu mkaa umepanda bei amebana matumizi, lakini jiko lake ni lile lile na watoto wamekula vibaya. Programu inayohesabu huko kuacha kupika kama mafanikio inajidanganya. “Jiko banifu” ni neno zuri kwa sababu linaweka ubanaji mahali pake. Limetokana na bana, kama haribifu ilivyotokana na haribu, na linasema kuwa jiko ndilo linalobana mkaa, mpishi asijibane tumbo.

Miaka kadhaa iliyopita nilipewa dodoso la mradi unaofanana na wenu nilihariri. Swali mojawapo lilikuwa: “Ufanisi wa jiko lako ukoje?” Nilirekebisha herufi mbili tatu nikalipitisha, kosa ambalo bado linanisumbua. Baadaye niliketi na msaili mmoja uwanjani kwa mama aliyekuwa akipepeta mchele. Aliposomewa swali alisimamisha ungo, akafikiri, akajibu: “Linafaa, ugali unaiva.” Msaili akaandika: ufanisi, mzuri. Jibu lilikuwa la kweli, ila swali halikuuliza kilichotakiwa.

Dakika chache baadaye mama yule yule, bila kuulizwa, alisema: “Lile la zamani lilikuwa linakula mkaa. Sasa gunia linakaa.” Hapo ndipo palipokuwa na jibu lote! Watu wana maneno yao kwa jambo hili, na ni maneno sahihi kabisa. Jiko linakula mkaa au halili. Gunia linakaa au halikai. Mtungi umekaa wiki tano. Friji mbovu inakula umeme, na uniti za luku zinakimbia. Dodoso liulize hivyo: “Kabla ya jiko hili, gunia la mkaa lilikuwa linakaa siku ngapi? Sasa linakaa siku ngapi? Mlikuwa mnakula watu wangapi, na sasa mko wangapi?” Kwa anayenunua kwa kopo au sado badala ya gunia, uliza kwa kipimo chake. Na ikiwezekana msitegemee kumbukumbu peke yake. Nendeni na mizani ya kuning’iniza, mpime mkaa uliopo asubuhi, mrudi kesho saa ile ile mpime uliobaki, kwa siku kadhaa mfululizo. Kilichopungua ndicho kilicholiwa.

“Matumizi” nalo lina mtego. Kwa Kiswahili ni kutumia kitu, na pia ni fedha zinazotoka mfukoni. “Matumizi ya mkaa yamepungua” inaweza kuwa kilo, inaweza kuwa shilingi, na hivyo viwili haviendi pamoja daima, maana bei hupanda na kushuka. Wachumi Susanna Berkouwer na Joshua Dean walifanya utafiti Nairobi kwa takribani kaya 1,000, wakachapisha mwaka 2022. Waliona kwamba jiko bora la mkaa lilipunguza kwa asilimia 39 fedha ambazo kaya ilitumia kununua mkaa. Ukiandika kwa haraka “matumizi ya mkaa yalipungua kwa asilimia 39”, hujadanganya, lakini hujasema ni nini kilichopimwa. Ongeza neno moja tu: matumizi ya fedha kwa mkaa. Mfano huo una jambo jingine la kutia moyo. Punguzo hilo lililingana na makadirio ya wahandisi, na hilo halitokei kila mara.

Nije kwenye jambo ninalotaka sana ulishike, kwa sababu kamusi haitakusaidia. Ni vitenzi. Ripoti nyingi za miradi ya nishati ninazosomeshwa zimejaa kiambishi -me-: kaya zimepata majiko, vijiji vimefikiwa na umeme, wananchi wamehamasishwa. Kiambishi hicho kinasema tendo limekwisha. Hakisemi chochote kuhusu maisha ya kesho yake asubuhi. Tathmini inataka hu- ya mazoea. “Amepata jiko la gesi” ni habari ya siku ya ugawaji. “Hupikia gesi” ni habari ya maisha yake, na huwezi kuiandika bila kurudi nyumbani kwake.

Na ukirudi utakuta nini? Pengine utakuta mtungi uko pembeni mwa kabati, umefunikwa kitambaa kilichofumwa vizuri, na nje barazani sufuria ya maharage iko juu ya mkaa tangu saa nne. Mama atakwambia gesi ni ya chai ya asubuhi na ya kupasha chakula usiku. Maharage na makande ni ya mkaa, kwa sababu kujaza mtungi kunataka fedha yote kwa mkupuo, na mkaa unauzwa hata wa jioni moja. Hajakataa nishati safi. Anachanganya, na ana sababu. Andika basi “hupikia gesi na mkaa”, useme kipi kwa chakula kipi. Kumweka kwenye safu ya “wanaotumia gesi” peke yake ni kumwongopea waziri.

Kule Orissa, India (siku hizi Odisha), wachumi Rema Hanna, Esther Duflo na Michael Greenstone walifuatilia kaya zilizopewa majiko yaliyofanya vizuri maabara. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 2016, yalionyesha kuwa moshi uliovutwa ulipungua mwaka wa kwanza, kisha nafuu ikatoweka. Watu hawakuyatumia kila siku, wala hawakuyatunza ipasavyo. Mgawaji angeandika “wamepata majiko” na angekuwa mkweli. Ilihitajika miaka kuandika “hawayatumii”.

Umeme una mtego huo huo. Kufikiwa, kuunganishwa na kutumia ni mambo matatu. Mradi wa Last Mile wa Kenya, wa kuunganishia kaya umeme, ulilenga kaya zilizo ndani ya mita 600 kutoka kwenye transfoma, yaani watu ambao nguzo zilikuwa zimewafikia lakini nyumbani kwao bado ni kibatari. Kijiji kinaweza kufikiwa, nyumba isiunganishwe. Nyumba ikaunganishwa, luku ikakaa sifuri mwezi mzima.

Kisha kuna -nge- na -ngali-. Hapa Kiswahili kinampa mtathmini zawadi ambayo naona hatuitumii. Kila unaposema mradi “umeokoa” kitu, ndani ya neno hilo kuna sentensi nyingine ambayo hujaitamka: bila mradi, kaya ingalitumia kiasi gani? Kuokoa ni tofauti kati ya kilichotumika na kile ambacho kingalitumika. Kilichotumika utakipima kwa mizani. Kile kingine hakipo popote cha kupimwa, ndiyo maana mnahitaji kaya zinazofanana na zenu ambazo hazikupata majiko, mzipime siku zile zile. Bei ya mkaa ikipanda, kila mtu atapunguza, mwenye jiko jipya na asiye nalo. Usipokuwa na hao wa pili, utausifia mradi kwa kazi iliyofanywa na bei.

Vivyo hivyo kwa ruzuku. Katika walionunua taa za LED kwa bei ya punguzo, wapo ambao wangenunua hata bila punguzo. Hao hesabuni pembeni.

Mexico waliwahi kuwapa watu fedha wabadilishe friji na viyoyozi vya zamani. Wachumi Lucas Davis, Alan Fuchs na Paul Gertler walipochapisha tathmini mwaka 2014, friji mpya zilikuwa zimepunguza umeme kwa asilimia 8, kama robo tu ya ilivyotabiriwa. Viyoyozi vipya viliongeza matumizi badala ya kupunguza. Kifaa kilikuwa na ufanisi zaidi, na uniti zilizolipwa zikaongezeka. Ona sasa kwa nini sikutaka “ufanisi” na “kuokoa” vitumike kama ndugu pacha.

Kwa upande wa sarufi, shule hufundisha kwamba -nge- ni ya jambo ambalo bado linawezekana na -ngali- ni ya lililokwisha kupita. Wasemaji wengi siku hizi hutumia -nge- kwa yote mawili na sitawagombeza. Kwenye ripoti lindeni jambo moja: mkianza na moja, mmalizie na hiyo hiyo. “Kama isingepata jiko, ingetumia”, au “kama isingalipata jiko, ingalitumia”. Kuchanganya kunamchosha msomaji mahali ambapo mnataka afikiri.

Nishati safi na nishati jadidifu hazihitaji maneno mengi. Jadidifu ni inayojirudisha upya: jua, upepo, maji, jotoardhi. Safi, katika mazungumzo ya kupikia, ni isiyomjaza mpishi moshi kifuani. Gesi ya mitungi ni nishati safi ya kupikia, lakini si jadidifu, kwa kuwa inatokana na mafuta na gesi asilia za ardhini. Kuni zinaweza kuwa jadidifu, mti ukikatwa na mwingine ukapandwa, na bado moshi wake ukaua. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034, wenye lengo la kuwafikisha asilimia 80 ya Watanzania kwenye nishati hiyo, unahesabu gesi ndani yake. Kwa mitungi yenu “safi” ni sahihi na “jadidifu” ni kosa. “Nishati mbadala” iacheni, maana haisemi ni mbadala wa nini. Na ripoti ikivuka kwenda Kenya, kumbukeni kuwa huko wizara ni ya Kawi na umeme wa nyumbani ni stima. Maelezo ya mstari mmoja mwanzoni yatatosha.

Umenitumia na sentensi yenu ya kwanza: “Mradi umeongeza ufanisi wa nishati na kuleta athari chanya kwa kaya zilizofikiwa.” Ningeiandika hivi: “Kaya zilizopata jiko banifu hutumia mkaa kilo kadhaa kwa wiki, bila jiko hilo zingetumia kilo kadhaa zaidi.” Jazeni namba zenu. Nusu ya kwanza itatoka kwenye mizani. Nusu ya pili, kama hamkupima kaya ambazo hazikupata majiko, msiiandike bado. Rudini kijijini kwanza.