Mama hataki kuondoka Kisumu, kaka zangu wanataka afie nyumbani

SWALI: Sista, pokea salamu. Mama yangu ana saratani ya mlango wa kizazi, na tumeambiwa mionzi haitamsaidia tena. Nakaa naye hapa Nyalenda. Kaka zangu wawili, walio Nairobi na Mombasa, wanataka arudishwe dalani, yaani kwenye boma letu la Nyakach, mara moja, kwa kuwa mama wa boma hawezi kufia nyumba ya kupanga. Mama akisikia habari ya safari anageukia ukutani. Wamenikataza pia kumwambia hali yake. Daktari ameandika mofini ya maji ya kutuliza maumivu, lakini baba mdogo anasema hiyo dawa ndiyo huwamaliza watu. Mama mwenyewe haulizi kitu. Juzi tu alinituma nimlipe mwenzake wa chama deni la zamani, kisha akaniambia nikitoe kitenge chake kipya sandukuni nikipige pasi. Kifo chema ni kipi hasa, na nani anaamua? – Kitindamimba, Kisumu

JIBU: Pole sana, binti yangu. Nianze na lile unalokatazwa kusema. Mama yako anajua. Mgonjwa hakumbuki deni la zamani na kitenge cha sandukuni kwa bahati tu. Ninyi mmenyamaza ili msimuumize, naye amenyamaza ili asiwaumize, na sasa yuko peke yake ndani ya nyumba iliyojaa watu. Katika miaka yangu ya kuuguza watu wa namna yake, upweke huu ulinisikitisha kuliko vidonda.

Usimpe hotuba. Muulize. Jioni akiwa ametulia, keti karibu naye, useme: “Mama, wewe mwenyewe unauonaje huu ugonjwa?” Akinyamaza, nyamaza naye. Akisema hataki kusikia habari za daktari, ni haki yake, ila muulize angependa nani asikilize kwa niaba yake. Na akisema anakufa, tafadhali usimkatize kwa “usiseme hivyo, utapona.” Muulize anaogopa nini. Mara nyingi jibu huwa dogo na lina dawa: maumivu ya usiku, harufu, mjukuu ambaye karo yake haijulikani atalipa nani.

Kuhusu nani anaamua, mwaka 2000 watafiti wa Durham, Marekani, wakiongozwa na Karen Steinhauser, walichapisha majibu ya wagonjwa 340 wenye maradhi mazito, jamaa 332 waliokuwa wamefiwa karibuni, madaktari 361, na wahudumu wengine wakiwemo wauguzi na makasisi. Kuhusu maumivu wote walikuwa kauli moja: yatulizwe. Lakini kubaki na akili timamu hadi mwisho kulikuwa muhimu kwa wagonjwa 92 katika kila 100, na kwa madaktari 65 tu. Kutokuwa mzigo kwa jamaa, kusali, kujua mazishi yamepangwa, yote haya wagonjwa waliyapa uzito kuliko madaktari. Amani na Mungu waliiweka karibu sawa na kutosikia maumivu. Na walipoombwa kuyapanga mambo tisa kwa umuhimu, kufia nyumbani kulishika mkia.

Durham si Nyakach, najua. Kwetu dala ni dala. Lakini kaka zako wamefunga pamoja mambo mawili, kufa na kuzikwa. Mama atazikwa kwake, hilo halibishaniwi na mtu, na mwambieni hivyo waziwazi, maana huenda ndilo linalomnyima usingizi. Ila siku zilizobaki ni zake. Huenda anageukia ukutani kwa sababu akina mama wa kanisa wanaomwombea wako Nyalenda, au kwa sababu anaogopa safari ya matatu na maumivu yale ya kiuno. Muulizeni. Akisema twende, nendeni, ila kwanza hakikisheni dawa ya kutosha iko mkononi na kuna muuguzi wa kumpigia simu, kwa sababu mto Nyando ukifurika, barabara za uwanda wa Kano hazimsubiri mgonjwa.

Sasa mofini. Hapa nasema kwa nguvu, kwa kuwa nimeona wengi wakilia usiku kucha na chupa iko kabatini. Ikitolewa kwa kipimo alichoandika daktari, haiui. Watu huiona mwishoni kwa sababu huletwa wamechelewa, kisha mtu akifa lawama inaenda kwa chupa. Siku za kwanza mama anaweza kusinzia sana, na wengine huona kichefuchefu. Kwa kawaida hupungua baada ya siku chache. Choo ndicho hufunga, na hakiachi kufunga, kwa hiyo dawa ya kulainisha choo ianze siku ileile. Mofini ya maji hutolewa kila baada ya saa 4: saa 12 asubuhi, saa 4 asubuhi, saa 8 mchana, saa 12 jioni, saa 4 usiku. Msisubiri maumivu yarudi ndipo mkimbilie kijiko. Pimeni kwa bomba la sindano lisilo na sindano, msiongeze wenyewe, wala msiikatize ghafla. Maumivu yakitulia, akili yake ndiyo itapata nafasi ya kusema anayotaka kusema. Kama baba mdogo bado ana wasiwasi, mchukue mwende naye kliniki amsikie muuguzi mwenyewe. Kisumu tuna hospisi, na kazi yao ni hii hii ya tiba shufaa, yaani kumtuliza mgonjwa ambaye ugonjwa wake hauponi tena.

Hukuandika kuhusu harufu, lakini kwa ugonjwa huu nadhani ipo, na inaweza kuwa ndiyo sababu Mama hataki kupelekwa kwenye boma lenye wageni. Ulizeni kliniki kuhusu metronidazole, dawa ya kuua vijidudu. Inapunguza harufu sana, na ni ya bei nafuu. Nimewahi kuona mama aliyefukuza wageni akianza tena kuwaita baada ya wiki moja.

Madaktari nao ni watu. Wapo wanaoona kila kifo ni kushindwa, basi wanaagiza dripu nyingine na vipimo vingine. Muulizeni kwa heshima: “Daktari, hii itamfanya Mama ajisikie vizuri zaidi, au tunafanya kwa ajili yetu sisi?” Daktari mzuri hatakasirika. Vivyo hivyo na uji. Akikataa kula siku za mwisho, msimlazimishe na kijiko. Mwili unakuwa hauhitaji tena, na kumlazimisha humpalia. Lowesheni midomo kwa pamba yenye maji safi, mpakeni mafuta isikauke.

Wewe nawe usikeshe peke yako. Wapigie kaka zako leo, usiwaombe ruhusa, wape kazi. Mmoja alipe dawa na nauli za kliniki, mwingine aje akae wiki nzima, na wake zao washike zamu ya kufua na kumgeuza Mama kitandani kila baada ya saa 2 asipate vidonda vya kulalia. Kipimo cha saa 4 usiku, daktari akikubali, huweza kuwa maradufu ili Mama alale hadi alfajiri, nawe ulale.