Maswali na majibu: Mkaa, mtungi na tarehe za wanasiasa

Barua za Tanga safari hii zimejaa neno moja: "wanatuonea". Ngamiani wanalia na mkaa, Chongoleani wanalia na bomba la mafuta, na wawili wameuliza tena habari ya mifuko ya plastiki. Tuanzie jikoni, maana huko ndiko uongo ulikojaa.

"Nauza chakula Ngamiani, napikia mkaa. Tunaambiwa umepigwa marufuku, mbona bado unauzwa? Na hiyo gesi wanayotusukumia si ghali zaidi?" Mama lishe, Ngamiani

Dada, aliyekuambia umekatazwa kupikia mkaa hakusoma agizo. Agizo la serikali liligusa taasisi, za umma na za binafsi: zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku zilipewa mpaka 31 Januari 2024 ziache kuni na mkaa, na zinazolisha zaidi ya 300 mpaka 31 Januari 2025. Hayo ndiyo majiko ya shule, magereza, vyuo na kambi. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa Mei 2024, unalenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi ifikapo 2034. Lengo si sheria. Mgambo akikumwagia mkaa wako kwa jina la mkakati huo, mwambie akuonyeshe kifungu.

Ughali sasa. Usilinganishe bei ya mtungi na bei ya kisado, linganisha chakula kinachoiva. Kilo moja ya mkaa ina nishati ya megajuli 29 hivi, kilo ya gesi 46. Jiko la bati la kawaida linafikisha kwenye sufuria kama sehemu moja kati ya tano, nyingine inapasha moto miguu yako. Jiko banifu zuri linafikisha kama theluthi, na la gesi zaidi ya nusu. Kwa hiyo mtungi wa kilo 6 unafanya kazi ya mkaa wa kilo 25 hivi kwenye jiko la bati, au kilo 15 kwenye jiko banifu. Chukua kisado chako dukani, kipime kwenye mizani, piga hesabu ya kilo 25 zinakugharimu ngapi, ndipo uulize bei ya kujaza mtungi. Anayenunua mkaa kwa kopo mara nyingi atakuta gesi ni nafuu kuliko mkaa. Anayeletewa lumbesa kutoka Handeni atakuta mkaa bado una nafuu, na asidanganywe na mtu wa semina.

Hesabu hiyo huharibiwa na maharage. Ukiyaweka makavu juu ya gesi, mtungi utakwisha kabla ya wiki na utasema gesi ni wizi. Yaloweke usiku kucha, mwaga maji, yapike kwenye sufuria ya presha. Kama una umeme, presha kuka inaivisha nusu kilo ya maharage kwa chini ya nusu uniti. Kwa mwenye luku ya kawaida, anayepata uniti 28 hivi kwa Sh10,000, hiyo haifiki Sh200. Mtego uko kwa walio kwenye kundi la matumizi madogo, wanaonunua uniti kwa Sh100 kabla ya kodi: wakivuka uniti 75 kwa mwezi, kila inayozidi ni Sh350. Wanaohamasisha majiko ya umeme huliruka jambo hili, nalo ndilo linalomrudisha mtu kwenye mkaa.

Na tafadhali, sufuria ya lita 20 haikai juu ya jiko lililofungwa kichwani mwa mtungi mdogo. Inayumba, na joto linarudi kwenye valvu. Nunua jiko la miguu, mpira wa gesi na regulata. Ukiona mtungi unatoka jasho na moto umelegea wakati gesi bado imo, umeudai gesi nyingi kuliko unavyoweza kuitoa. Dawa ni mtungi mkubwa zaidi. Wanaouweka kwenye beseni la maji ya moto au kuulaza ubavu wanatafuta msiba. Kila ukibadilisha mtungi paka povu la sabuni kwenye maungio, likitoa viputo, funga. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, inatambaa sakafuni, hivyo dirisha la juu peke yake halikuokoi. Acha tundu chini ya mlango.

"Shule ya wanangu ina wanafunzi 400 wa bweni na bado kuni zimepangwa nyuma ya jiko. Mkuu anasema wasubiri biogesi ya vyoo. Ni kweli itatosha?" Mjumbe wa kamati ya shule, Korogwe

Haitatosha. Kinyesi cha mtu mmoja kinatoa gesi kama lita 25 kwa siku. Watu 400 ni mita za ujazo 10, sawa na kilo 4 na nusu hivi za gesi ya mtungi. Hiyo inachemsha uji wa asubuhi, haiivishi maharage. Hapo ni kama wote wanatumia choo hicho, maji hayamwagwi ovyo na hakuna anayetia dawa ya kuua wadudu. Dawa hiyo inaua pia vimelea vinavyotengeneza gesi, na mtambo unakuwa shimo la kawaida.

Ng'ombe wa ndani wana faida zaidi, na Tanga tunao. Mmoja anatoa samadi kilo 10 hadi 15 kwa siku, na kila kilo inatoa gesi kama lita 35. Ng'ombe wanne au watano wanaitosha familia moja, kwa hiyo shule yenye ng'ombe sita isijidanganye. Njia inayofanya kazi kwa shule kubwa ni mchanganyiko: mitungi ya kilo 38 iliyounganishwa pande mbili nje ya jengo, ndani ya kizimba cha nondo, upande mmoja ukiisha unafungua wa pili, biogesi ya uji, na mkaa mbadala wa kubana kwenye majiko banifu kwa ajili ya maharage. Kabla ya kununua chochote, pimeni kuni za wiki nzima kwa mizani. Shule nyingi hazijui zinachoma kiasi gani, halafu zinaomba mitungi kwa kukisia.

Nilishasema hapa na nitasema tena: tarehe ilitangazwa kwa sauti kubwa kuliko bajeti. Mkuu wa shule akipewa siku ya mwisho bila kifungu cha kununulia majiko, atafanya kile mtu yeyote angefanya. Atazificha kuni siku ya ukaguzi.

"Mifuko ya plastiki ilikatazwa ili kupunguza joto duniani, mbona joto linazidi?" Wawili, Chumbageni na Muheza

Ilikatazwa 1 Juni 2019 kwa sababu inaziba mitaro na kuua mifugo na samaki, joto halikuhusika. Msinitumie tena swali hili.

"Wazungu wanatuhubiria tabianchi, mbona kwao wanaandamana kuipinga? Wanasiasa wao hawaogopi?" Kijana, Makorora

Wanaogopa sana, kwa sababu wameona wenzao wakianguka. Ufaransa ilipanga kuongeza kodi ya dizeli kwa senti 6 na nusu za yuro kwa lita kuanzia Januari 2019. Tarehe 17 Novemba 2018 watu wa vijijini, ambao hawana treni wala basi la kuwafikisha kazini, walivaa vizibao vya njano na kufunga barabara. Kabla mwezi wa Desemba haujafika katikati, serikali ya Rais Macron ilikuwa imeirudisha kodi hiyo kabatini. Australia, waziri mkuu Julia Gillard alianzisha bei ya kaboni Julai 2012, dola zao 23 kwa tani ya hewa ya ukaa. Tony Abbott wa upinzani akajenga kampeni nzima juu ya neno "kodi", akashinda 2013, na Julai 2014 bunge likaifuta.

Mfano wenye mafunzo zaidi ni Kanada. Serikali ya waziri mkuu Trudeau ilitoza mafuta, halafu ikazirudisha pesa kwa wananchi kila robo mwaka kupitia benki. Ofisi ya bajeti ya bunge lao ilionyesha kuwa kaya nyingi zilirudishiwa zaidi ya zilichotozwa. Haikusaidia kitu. Bei ya kituo cha mafuta mtu anaiona kila siku, marejesho anayaona mara nne kwa mwaka, tena bila kujua yametoka wapi. Mrithi wake Mark Carney, wa chama kilekile, alipoingia tu aliiondoa tozo hiyo kwa watumiaji wa kawaida kuanzia 1 Aprili 2025. Ujerumani nako, rasimu ya sheria ya mitambo ya kupasha joto nyumba ilivuja kwenye magazeti mapema 2023 kabla waziri Robert Habeck hajaweza kueleza ruzuku itakuwa ngapi. Watu wakasikia "boila yako inaondolewa", hawakusikia "utasaidiwa". Sheria ilipita Septemba ikiwa imelegezwa, na jina la waziri likabaki limechafuka.

Ukiziangalia nchi hizi nne, utaona wengi waliopinga hawakuwa wakibisha kwamba dunia inapata joto. Walibisha bili, na nani anatangulia kuilipa. Kwa hiyo usiniletee habari za wazungu kuwa wanafiki na kuishia hapo. Huku kwetu Januari 2006 serikali ilifunga biashara ya mkaa ghafla, bei mjini ikapaa, na baada ya wiki chache katazo likaondolewa. Waja leo, waondoka leo, kama tunavyosema Tanga. Miti ya Handeni haikupata hata muda wa kupumua.

"Sh100 iliyoongezwa kwenye lita ya petroli 2023 ndiyo kodi ya tabianchi?" Bodaboda, Duga

Hapana. Iliwekwa kwa ajili ya miradi ya kimkakati, na waziri wa fedha alilisema hilo bungeni. Ila kaa macho: serikali zinazohitaji pesa hupenda kuivisha tozo ya zamani kanzu ya kijani. Likija jina jipya, uliza pesa inaingia mfuko gani.

"Bunge la Ulaya linataka bomba la mafuta lisimame. Sisi wa Chongoleani tusimame upande gani?" Mvuvi, Chongoleani

Azimio la 15 Septemba 2022 halikuwa sheria na halikusimamisha trekta hata moja. Kilichouma zaidi ni benki kubwa za nje kukataa kukopesha. Bomba lina kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, mpaka Chongoleani, 1,147 zikiwa kwetu. Mafuta ya Uganda yana nta, yanaganda kwenye joto la kawaida, hivyo lazima bomba lipashwe moto mpaka nyuzi 50 njia nzima.

Kuhusu upande, tofautisha mashauri mawili ambayo wanaharakati na wanasiasa wanayachanganya kwa makusudi. La kwanza ni la hewa ya ukaa: sehemu kubwa haitatoka Chongoleani, itatoka mafuta hayo yatakapochomwa huko yanakokwenda. Hilo ni shauri la dunia, na anayewaambia Waganda waache mafuta ardhini wakati kwao wanachimba ana kazi ya kulieleza. La pili ni lenu: ardhi, njia za mashua na maeneo ya kuvulia. Hapo msikubali kuitwa wasaliti wa maendeleo kwa kuuliza. Hifadhi nakala ya fomu ya uthamini yenye sahihi yako na picha. Sheria ya uthamini ya 2016 inataka fidia ilipwe ndani ya miezi sita baada ya uthamini kuidhinishwa, ikichelewa inaanza kuzaa riba. Wengi hawaidai kwa sababu hawana karatasi. Mvuvi asiye na shamba aandikishe eneo lake la uvuvi kupitia BMU (kikundi cha usimamizi wa fukwe na uvuvi) mapema, kwani uthamini huanza na miti na nyumba, na bahari haina mnazi wa kuhesabu.

"Tabianchi ni biashara ya wazungu tu. Joto la Tanga lipo tangu enzi za mababu." Hakuweka jina, Raskazone

Hilo si swali. Waulize akina mama wa mwani kwa nini kotonii, aina ya mwani yenye bei nzuri, inaoza kwenye maji ya kina kifupi msimu wa joto wakabaki na aina nyingine, spinosamu. Wao hawajahudhuria mkutano wowote wa Ulaya.

"Wamekuja watu kijijini kwetu wanataka tusaini mkataba wa kaboni kwa mikoko yetu. Diwani anasema tusichelewe." Mwanakijiji, Mkinga

Chelewa. Mikoko ni hifadhi ya serikali kuu, si mali ya kijiji, hivyo huwezi kuuza kaboni, yaani hewa ya ukaa iliyofyonzwa, ya mti usio wako. Anayewakimbiza kusaini hajui hilo, au analijua vizuri sana. Nendeni kwanza TFS (wakala wa misitu wa serikali) mkaulize mtashirikishwa kwa makubaliano gani.

Kama ni msitu wa kijiji, mambo ni mengine. Uwe umetengwa kwenye mpango wa matumizi ya ardhi, na mkutano mkuu wa kijiji, si halmashauri peke yake, ukubali kwa muhtasari. Kanuni za biashara ya kaboni zipo tangu 2022, na kituo cha taifa cha kufuatilia kaboni kipo SUA, chuo kikuu cha kilimo cha Sokoine, Morogoro. Waulizeni kama mradi huo umesajiliwa, kabla hamjalishwa pilau. Kisha someni mambo haya kwenye mkataba: mgawo wenu unakatwa kabla au baada ya gharama za mwekezaji, nani analipia ukaguzi, na ni miaka mingapi. Mikataba ya miaka 30 si ajabu, maana yake mtoto anayezaliwa leo atakuwa mtu mzima bado haruhusiwi kukata nguzo. Mkipewa wa Kiingereza tu, rudisheni. Na diwani akisisitiza, muombeni asaini yeye kama mdhamini, kwa shamba lake.