Fedha za wafadhili na utafiti wa vyuo vyetu: majibu kwa mliouliza

Je, ni kweli mhadhiri mwenye mradi wa wafadhili huchapisha zaidi? (Mhadhiri msaidizi, Morogoro)

Kwa kawaida, ndiyo. Ana vitendanishi, gari la kwenda uwandani na wanafunzi wa uzamivu wanaolipwa. Ila kumbuka kwamba mfadhili humpa aliyekwisha kuchapisha, kwa hiyo usiihesabie pesa kila makala. Tena pesa ina kazi zake: andiko, ripoti, ukaguzi, risiti za mafuta. Mwaka mmoja nilikuwa karani wa mradi wangu mwenyewe, utafiti nikaufanya usiku.

Mbona chuo kinalia ukata wakati miradi imejaa? (Mzazi, Mbeya)

Kwa sababu mradi haununui luku, mzazi mwenzangu. Friji ya sampuli haizimwi, mhasibu anashughulikia malipo, paa linavuja. Kwa gharama za namna hiyo, NIH, taasisi ya serikali ya Marekani inayofadhili utafiti wa afya, huzilipa taasisi za nje asilimia 8 tu ya gharama za moja kwa moja za mradi, na hata hizo si kwa kila kitu. Vyuo vya kwao hujadiliana viwango vyao, na vipo vilivyopata zaidi ya asilimia 50. Pengo linazibwa na ada ya mwanao. Halafu tunaambiwa utafiti wa Afrika ni wa bei nafuu!

Kuna mfadhili aliyepatia? (Mwanafunzi, Kampala)

Hapo kwenu mlimpata. Sweden ilianza kushirikiana na Makerere mwaka 2000, na haikufadhili mada moja moja tu: iligusa pia maktaba, intaneti na uzamivu wa kusoma kwa zamu, Makerere na Sweden. Mtu alirudi akakuta pa kufanyia kazi. Mradi wa miaka miwili hauwezi hilo. Mwaka wa kwanza unaishia kwenye vibali na manunuzi.

Serikali zetu je? (Msomaji, Nakuru)

Sheria yenu ya sayansi, teknolojia na uvumbuzi ya 2013, hapo Kenya, inataja asilimia 2 ya pato la taifa kwa utafiti. Bado sana. Uganda ilijaribu mwaka 2019: iliipa Makerere shilingi bilioni 30 za kwao kwa utafiti.

Nimepewa mashine na mradi. Niulize nini kabla ya kusaini? (Mtafiti, Dodoma)

Uliza vipuri na fundi vitalipwa na nani mradi ukiisha. Sisi hatukuuliza. Yetu imefunikwa kitenge, juu yake tunaweka birika la chai.