Maswali ya Wasomaji: Majina ya Mahali na Majengo katika Kiingereza

SWALI: Binti yangu anajifunza Kiingereza. Katika zoezi moja alitaka kueleza kwamba yeye ni mwanafunzi, akaandika "I go to the school every day", na mwalimu akaifuta "the". Katika zoezi lililofuata akaandika "I went to bank", na safari hii mwalimu akaiongeza "the" ile ile. Nimeshindwa kumweleza kanuni inayoyatenganisha majengo haya mawili.

JIBU: Mwalimu hajajipinga. Kiingereza kina kundi dogo la majina yanayobeba maana mbili kwa pamoja, yaani jengo lenyewe na shughuli ambayo jengo hilo liliwekewa. Katika kundi hilo wamo "school", "church", "prison", "hospital", "college", "university" na "court". Mtu akitajwa kuwa yupo pale kwa ajili ya shughuli yenyewe, kama vile mwanafunzi anayekwenda kusoma, muumini anayekwenda kusali au mfungwa anayetumikia kifungo, jina husimama peke yake bila "the". Aliyefika kwa sababu nyingine hutajwa pamoja na "the", kwa kuwa kwake yeye pale ni jengo tu: mzazi aliyeitwa kuonana na mwalimu mkuu huenda "to the school", na fundi anayeziba paa linalovuja huwa "in the church" hata kama ni Mkristo.

Uzito wa jambo hili huonekana vizuri zaidi katika neno "prison". Anayesikia "He is in prison" huelewa mara moja kwamba mtu huyo amefungwa. Anayesikia "He is in the prison" huweza kumfikiria askari wa zamu, wakili aliyekwenda kumwona mteja wake, au fundi wa mabomba. Kwa hiyo kosa la binti yako linastahili kushughulikiwa kwa makini, kwa sababu linabadilisha habari inayomfikia msomaji.

Majina mengine mengi hayamo katika kundi hilo. "Bank", "library", "airport", "cinema" na "post office" huhitaji "the" hata kwa mtu anayefuata shughuli yenyewe, na kinachoamua neno lipi liwe upande upi ni mazoea ya wasemaji, si mantiki. Hata wasemaji wenyewe hawakubaliani: Mwingereza aliyelazwa yuko "in hospital", ilhali Mmarekani mwenye ugonjwa ule ule yuko "in the hospital". Neno "home" nalo limejitenga kabisa, kwa sababu baada ya "go" hukataa "the" na "to" pia, ndipo tunasema "go home".

Sisi tunaozungumza Kiswahili tuna sababu ya pekee ya kuteleza hapa. Kiambishi "-ni" hutumalizia kazi yote: shuleni, kanisani, sokoni, gerezani, bila kuuliza mtu amekwenda kufanya nini. Kiingereza hutudai maamuzi mawili, kwanza kama "the" inahitajika, na pili kama tuseme "at" au "in". "At" hulitaja jengo kama mahali pa kukutana au pa kupatia huduma, na "in" husisitiza kuwa mtu yumo ndani ya kuta zake. Ndiyo maana marafiki huagana kukutana "at the cinema", lakini wakinyeshewa hukimbilia "into the cinema" na kukaa "in the cinema". Kwa sababu hiyo namshauri binti yako asikariri orodha ya majengo yenye maana ya neno moja moja pembeni, kama vitabu vingi vya kuanzia vinavyofanya. Kila jina aliandike ndani ya sentensi inayoonyesha nani amekwenda pale na kwa shughuli gani.

SWALI: Nimealikwa kwenye usaili, na barua inasema ofisi iko "second floor". Je, nitapanda ngazi mara moja au mara mbili?

JIBU: Inategemea aliyeandika barua anafuata Kiingereza cha wapi. Kwa Waingereza sakafu iliyo sawa na barabara ni "ground floor", na "first floor" ni ile ya juu yake, kwa hiyo utapanda mara mbili. Kwa Wamarekani sakafu ya barabarani ndiyo "first floor", na utapanda mara moja tu. Ukitumia lifti, angalia vitufe vyake: herufi G kwa kawaida ni dalili ya hesabu ya Kiingereza cha Uingereza.

Tofauti nyingine kati ya pande hizo mbili, kama "flat" na "apartment" au "lift" na "elevator", hazimpotoshi mtu sana. Inayopotosha kweli ni "public school". Marekani hiyo ni shule ya serikali isiyotoza ada. England neno hilo hutumika kwa shule za kale zinazojitegemea na zenye ada kubwa, mfano Eton iliyoanzishwa mwaka 1440, na shule ya serikali huitwa "state school".

SWALI: Nilimwambia mgeni kwamba nimekula chakula cha mchana "in a hotel", akadhani nimepanga chumba. Nilikosea wapi?

JIBU: Sarufi yako ilikuwa sahihi. Kilichotokea ni kwamba neno tuliloliazima limepanuka mikononi mwetu. Kwetu hoteli huweza kuwa mahali pa kula tu, lakini "hotel" ya Kiingereza ni lazima iwe na vyumba vya kulala. Mahali pa kula ni "restaurant", au "café" kama ni padogo. Hali ni hiyo hiyo kwa stoo, ambayo kwetu ni chumba cha kuhifadhia vitu au ghala, ilhali "store" kwa Mmarekani ni duka la kawaida na ghala ni "warehouse". Stendi ya mabasi, ile kubwa ya kuanzia safari, Mwingereza huiita "bus station", na kituo kidogo cha njiani ni "bus stop".

Kwa kuwa umeitaja "hotel", jamaa zake wanafaa kujifunzwa pamoja nayo. "Hotel", "hostel" na "hospital" zote zinatokana na Kilatini, katika shina lenye maana ya mgeni na mwenyeji wake. "Motel" ni changa zaidi: iliundwa Marekani katika miaka ya 1920 kwa kuunganisha "motor" na "hotel", kwa ajili ya wasafiri wa magari.

SWALI: Je, "city" ni "town" iliyokua?

JIBU: Katika mazungumzo ya kawaida, ndiyo. Kisheria nchini Uingereza, hapana, kwani hadhi ya "city" hutolewa na mfalme au malkia. Reading, yenye watu zaidi ya 150,000, bado ni "town", na St Davids ya Wales, yenye watu wasiofika 2,000, ni "city" tangu iliporudishiwa hadhi hiyo mwaka 1994. Katika insha ya shuleni tumia "city" kwa jiji na "town" kwa mji mdogo.