Nina saratani ya titi na bado natamani kuzaa

SWALI: Nina umri wa miaka 29, sijaolewa wala sijazaa. Nimegundulika kuwa na saratani ya titi inayochochewa na homoni. Baada ya wiki 3 nitaanza tibakemikali, kisha nitameza tamoksifeni, dawa inayozuia homoni kuchochea saratani, kwa miaka 5. Ninaona aibu kumuuliza daktari habari za uzazi wakati yeye anapigania uhai wangu. Je, sitazaa tena?

JIBU: Pole sana, dada. Mlango haujafungwa, lakini swali hili mfikishie daktari wako wiki hii hii, kwa kuwa njia bora za kuhifadhi uzazi hufanyika kabla ya dozi ya kwanza. Wala usione aibu, kwani uzazi wako ni sehemu ya uhai huo anaoupigania.

Baadhi ya dawa za tibakemikali, hasa saiklofosfamaidi, huua mayai yaliyomo katika ovari, na ukubwa wa madhara hutegemea umri wa mgonjwa na kiasi cha dawa. Kwa hali yako, ningekushauri uulizie kwanza kugandisha mayai: utachomwa sindano za homoni kwa takriban wiki 2, kisha mayai yaliyokomaa yatatolewa na kuhifadhiwa bila kurutubishwa. Sindano hizo zinaweza kuanza siku yoyote ya mzunguko wa hedhi, na kwa saratani kama yako madaktari huongeza dawa ya letrozoli ili estrojeni, homoni inayoichochea, isipande sana. Muda ulio nao unaweza kutosha, mradi usiupoteze. Ni kweli kwamba gharama ni kubwa na mtoto hahakikishwi. Ipo pia sindano ya goserelini, inayopumzisha ovari wakati wa tibakemikali, ila haichukui nafasi ya kugandisha mayai.

Tamoksifeni inaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni, kwa hiyo usishike mimba ukiwa unaimeza. Hata hivyo, utafiti wa POSITIVE, uliochapishwa mwaka 2023, uliwafuatilia wanawake waliosimamisha kwa muda tiba ya homoni, kama hiyo tamoksifeni, baada ya miezi 18 hadi 30 ili wazae, na katika miaka ya mwanzo haikuonekana kwamba saratani iliwarudia zaidi kwa sababu hiyo. Usiisimamishe kamwe bila idhini ya daktari wako.

Jambo moja husahaulika: hedhi ikikatika wakati wa matibabu, mimba bado inaweza kuingia. Tumia kondomu au kitanzi cha shaba, visivyo na homoni. Siku ya kumwona daktari, nenda na mtu unayemwamini, naye ayaandike majibu, maana si rahisi kuyashika yote ukiwa na hofu.